Mwaka Tuliopima Mashine kwa Vyungu vya Mama Leya

Tangazo la msiba lilisomwa mwishoni mwa ibada, baada ya tangazo la ndoa na kabla ya lile la usafi wa kiwanja. Msomaji alisema kwamba ndugu yetu Wilondja, yule kipofu aliyefika na wakimbizi kutoka kaskazini ya ziwa, amefariki huko Katanika, na matanga yako kwa shemeji yake. Kisha akakumbusha kila mtu aje Jumamosi na jembe lake. Mimi nilimjua Wilondja mmoja tu katika maisha yangu, nikamwita Wilo kama kila mtu, na kwa zaidi ya miaka ishirini nilijiambia yuko kwao, mji wa Baraka, anaishi vizuri. Kumbe alikuwa hapa Kalemie tangu mvua za kwanza, safari fupi ya pikipiki kutoka jikoni kwangu, na hakuna aliyeniambia. Yeye mwenyewe hakuniambia, ingawa mji huu ni mdogo na jina langu angelipata kwa kuuliza sokoni mara moja. Naomba nieleweke mapema, asije mtu akadhani naandika haya nikiwa nimetulia. Nimemkasirikia maiti, na hasira juu ya maiti haina pa kwenda, inabaki kuzunguka nyumbani inagonga vyombo.

Mwaka ninaotaka kuusema ni ule ambao vita vilipunguza kelele na maboti ya Kigoma yakaanza tena kuleta sabuni, nguo za mitumba na kompyuta zilizochoka. Nilikuwa nimepata diploma yangu ya sekondari, nikingoja nafasi ya masomo Lubumbashi, na wakati wa kungoja nilipata kazi ya kupiga maandishi katika biro, yaani ofisi, ya Papa Ilunga. Biro ni jina la heshima. Kilikuwa chumba kimoja cha ghala la zamani la pamba, karibu na reli, rangi ya buluu hadi kiunoni na chokaa juu yake, na ukuta mzima ulikuwa bado unanuka mafuta ya mbegu za pamba kila jua lilipoupiga. Watu walikuja kupigisha barua za maombi ya kazi na kazi za shule. Kulikuwa na mashine tatu, kompyuta kuukuu, juu ya meza moja ndefu, dirisha moja lenye nondo, na nje ya dirisha hilo jiko la Mama Leya, mjane aliyepikia wafanyakazi wa reli. Moshi wake uliingia kwetu, na maneno yetu yakatoka kwake, kwa hiyo hatukuwa na siri sisi kwa sisi.

Papa Ilunga alikuwa mtu wa Manono, na huzuni yake kubwa ilikuwa umeme. Ulipokatika, na ulikatika kila alipoanza kuufurahia, alisimama katikati ya chumba na kutusimulia Piana-Mwanga, bwawa la mto Luvua lililowasha mji wa utoto wake wakati bati lilipokuwa likichimbwa. Alisema hata vyoo vya wafanyakazi vilikuwa na taa. Halafu aliichungulia jenereta yake ndogo, akaipiga kofi begani, akaivuta kamba, na tukarudi kazini. Mashine zake zilikuwa na ugonjwa mmoja ambao nitauhitaji baadaye: ile betri ndogo ya ndani inayotunza saa ilikuwa imekufa katika zote tatu. Kila umeme ulipokatika, zilisahau siku. Ukiziwasha tena zilidai tuko katika mwaka ule zilipozaliwa, asubuhi na mapema, kana kwamba vita, vifo na mvua zote hazijatokea. Papa Ilunga alisema zina bahati.

Wilo aliingia chumbani humo wakati wa kiangazi, akiwa amebeba mfuko wa plastiki wenye bisibisi na diski. Kaka zake walikuwa wafanyabiashara wa ziwani, wakishusha mawese kutoka kaskazini na kupandisha samaki wakavu wa Zongwe na Moba, huko kusini, na yeye angekuwa mmoja wao kama si macho. Wakati wa ukimbizi, kambini upande wa Kigoma, alijifunza kompyuta. Huko huko daktari mmoja alimwambia ana presha ya macho, kwamba kilichopotea hakirudi na kilichobaki kitafuata. Alipofika kwetu alikuwa bado anaona katikati, si pembeni. Ulimwengu wake ulikuwa umebanwa kama unaotazamwa kupitia bomba. Aligonga meza na viti kwa paja. Alisoma uso wako kwa vipande, kwanza jicho, kisha mdomo, na nakiri kwamba hakuna mwanamume aliyewahi kunitazama kwa makini namna ile, hata kama sababu ilikuwa ugonjwa.

Katika diski ile kulikuwa na programu ya kusoma kwa sauti. Unaandika maneno, mashine inayatamka. Ilikuwa ya bure, iliyoandikwa na watu wa mbali, na Kiswahili chake kilikuwa kibovu. Ilitamka kama mgeni aliyefundishwa na mgeni. Wilo alitaka kuirekebisha kabla macho hayajafunga. Ili kurekebisha, ilimbidi aone maandishi ya ndani ya programu, kanuni moja baada ya nyingine, na alijua muda si wake. Siku ya kwanza alimweleza Papa Ilunga mbele yangu, bila kujikunja, kwamba atatengeneza mashine zake bila mshahara, mradi apewe moja ya kufanyia kazi hiyo. "Papa, nikiingia mu giza bila sauti, nitakuwa muntu wa kushikwa mukono mpaka kufa," alisema. "Nikiingia na sauti, nitakuwa muntu wa kazi." Papa Ilunga alimpa mashine ya dirishani, iliyokuwa mbovu kuliko zote.

Sasa kuna jambo la ufundi, na nitalisema jinsi tulivyolielewa. Watu wanaandika programu kwa maneno na alama ambazo mtu aweza kuzisoma. Mashine haiwezi kula maneno mabichi. Lazima programu nyingine iyapitie yote na kuyageuza kuwa kitu inachoweza kumeza, na kila ukibadilisha kanuni za matamshi, sehemu kubwa ya kazi hiyo inarudiwa. Wilo alitutajia jina lake la Kifaransa. Mama Leya, akikoroga nje ya dirisha, akasema kama ni hivyo si ni kupika tu, na toka siku ile hatukutumia neno lingine. Tulikuwa "tunapika sauti". Ile programu inayogeuza tukaiita mpishi. Na kwa kuwa mashine zenyewe hazikujua saa, na saa pekee ya mkononi ilikuwa ya Papa Ilunga ambaye hakuwa akiivua, na jenereta ilikuwa na tabia zake, tukawa tunapima muda kwa vyungu vya Mama Leya. Tulipoanza kupika, naye aliweka chungu. Mpishi wa toleo la zamani, aliyekuja na diski ya Wilo, alimaliza wakati maharage yanaanza kulainika. Hicho kilikuwa kipimo chetu, na hadi leo sijui ni saa ngapi. Najua ladha yake tu.

Shida ya mpishi wa zamani ilikuwa chakula chenyewe. Sauti aliyoipika ilikuwa nzito kwa mashine ile dhaifu. Ilitamka neno, ikakwama, ikatamka nusu ya neno, kama mtu mwenye kwikwi. Wilo aliisikiliza akiwa ameinamisha kichwa hadi shavu linagusa meza. Mapema wakati wa mvua, kaka yake mkubwa alileta kutoka Kigoma diski ya mpishi mpya. Waliompa diski hiyo huko walisema toleo hilo linachuja vizuri zaidi, kwamba programu iliyopikwa nalo inakimbia nyepesi hata kwenye mashine kuukuu. Hawakusema mpishi mwenyewe ana tumbo kubwa kiasi gani. Hilo tuliligundua sisi.

Kazi yangu ilikuwa kumsomea. Jioni ilipokaribia macho yake yalichoka, herufi zikamkimbia, nami nilivuta kiti na kumsomea kila mstari, na kila kosa mpishi alilolalamikia. Sikuelewa nusu ya nilichokisoma mwanzoni. Baada ya muda nilianza kuelewa, na kabla ya mvua kubwa nilikuwa napendekeza. Nilipenda kazi hiyo kuliko kitu chochote nilichofanya kabla au baada yake. Niseme wazi: nilimpenda yeye, na kumsomea ndiko kulikuwa kumpenda. Tulikula pamoja kizingitini, sahani moja, bukari, yaani ugali, na sombe ya majani ya muhogo, na siku zenye pesa mikebuka, samaki wa ziwa, ya kukaanga. Siku moja nilianza kumtolea miba. Aliuzuia mkono wangu, akaurudisha upande wangu wa sahani kwa upole kabisa, akasema bado hajawa kipofu. Alikula samaki yule polepole sana, akitoa mwiba mmoja mmoja kwa ulimi, na sisi wengine tukajifanya tunaangalia reli.

Siku tulipomjaribu mpishi mpya, umeme ulikatika asubuhi, ukarudi. Wilo alikuwa amerekebisha kanuni ya jina la Zongwe, ambalo mashine ilikuwa ikilivunja vipande vitatu kama kuni. Nilikuwa nimemsomea, akaandika, tukampa kazi mpishi mpya. Mama Leya aliweka maharage. Alikuwa hajapuliza moto vizuri mashine ikasema imemaliza. Papa Ilunga alipiga makofi. Wilo alicheka, na alikuwa na kicheko cha mtu mnene ingawa alikuwa mwembamba kama ufito. Tukaandika, tukapika, kila siku, kanuni juu ya kanuni, na kila mara mpishi mpya alimaliza kabla moto haujakolea. Papa Ilunga alimtania Wilo kuwa ametoka Baraka lakini ana haraka. Wilo hakuisikiliza sauti kabisa siku zile. Alisema anataka kutumia macho wakati yapo, masikio yatamngoja. Akawa anaandika tu. Wiki zikapita hivyo, na lile bomba la macho yake likazidi kubana.

Halafu akaomba kusikia. Nikaandika majina ya vijiji vya pwani, kutoka Kalemie kushuka, na mashine ikayasema. Zongwe ikavunjika vipande vitatu. Nikadhani nimekosea herufi, nikarudia. Wilo akasema taratibu, "Feza, hii mashine haijapika kitu. Sauti njo ile ile ya zamani. Angalia saa yake inasema tuko lini." Nikaangalia. Ilisema tuko asubuhi ya mwaka wake wa kuzaliwa. Na hapo alinieleza kitu ambacho yeyote mwenye mashine nzima hangewahi kukifikiria. Kabla ya kupika, mpishi hulinganisha tarehe. Maandishi yakiwa mapya kuliko chungu, yaani faili iliyokwisha kupikwa, anapika. Chungu kikiwa kipya kuliko maandishi, anaona chakula tayari, anafunika, anasema amemaliza. Vyungu vyetu vilikuwa na tarehe ya kiangazi, wakati mashine ilikaa siku nyingi bila kuzimwa na mtu aliwahi kuisahihisha saa. Kila kitu tulichoandika baada ya umeme kukatika kilikuwa na tarehe ya miaka ya nyuma. Kwa mashine, kazi yetu yote ya majuma yale ilikuwa imeandikwa kabla hatujaianza. Tulikuwa tumeshangilia mpishi aliyelala usingizi.

Sijawahi kuona mtu akiumia namna ile bila kupaza sauti. Maandishi yalikuwepo, hayakupotea, Papa Ilunga aliliona hilo na kulisema mara nyingi. Lakini hakuna hata kanuni moja iliyokuwa imejaribiwa. Makosa yote yaliyojificha ndani yake yangetoka sasa, wakati macho ya kuyatafuta yamepungua. Wilo aliweka viganja viwili juu ya kioo cha mashine, kama mtu anayempima mgonjwa homa, akakaa hivyo. Mimi nililia, na nikaona haya kulia mbele yake, nikaenda kulia kwa Mama Leya, ambaye alinipa vitunguu nimenye ili wapita njia wasiulize. Tangu hapo, kila asubuhi kabla ya yote, Papa Ilunga alivua saa yake ya mkononi na kuninyooshea kama mtu anayetoa sakramenti, nami nikaisahihisha mashine.

Tulipotupa vyungu vyote na kuanza upya, ndipo tulipojua ukweli kuhusu matoleo mawili. Mpishi wa zamani: maharage yaanza kulainika, sauti ina kwikwi. Mpishi mpya: Mama Leya aliweka maharage yakaiva, akaweka sombe ikaiva, wafanyakazi wa reli wakala wakaondoka, akaosha vyungu, na mashine ilikuwa bado inakoroma, diski yake ya ndani ikikwaruza kama panya kwenye gunia, kwa sababu kumbukumbu yake haikumtosha mpishi huyo naye akawa anaazima nafasi kila mahali. Mara tatu jenereta ilizimika kabla hajamaliza. Lakini alipomaliza, siku ya kwanza alipomaliza, sauti ilitoka bila kukwama. Ilikuwa kavu, haina furaha wala huzuni, lakini ilitembea. Wilo aliamua papo hapo. Tungerekebisha kwa mpishi wa zamani, tukivumilia kwikwi, kwa kuwa yeye aliruhusu kujaribu mara kadhaa kwa siku. Na kanuni zikikamilika tungempa mpishi mpya kazi ya mwisho. Ulikuwa uamuzi mzuri. Nilimsaidia kuufikia. Nilichora hesabu zake kwa maharage na sombe ubaoni.

Katika majuma hayo ndipo nilisikia nisichotakiwa kusikia, ingawa katika nyumba ile ya dirisha moja sijui nani alitakiwa kusikia nini. Kaka mkubwa wa Wilo alikuwa ameketi jikoni na Papa Ilunga, wakila ndakala, wale dagaa wa ziwani, na sisi wawili tulikuwa ndani, mimi nasoma mistari kwa sauti ya chini. Kaka alisema wazazi kule Baraka wameuliza habari za binti huyu. Alisema ni binti mwema, kila mtu anaona. "Lakini Papa, huyu mutoto ya batu anangoja nafasi ya masomo Lubumbashi," akasema, "na atakaa hapa kuwa fimbo ya kipofu? Kesho ndugu zake batatuuliza." Papa Ilunga alisema chumvi imezidi. Mimi niliendelea kusoma mstari uliofuata, na uliofuata, nikijua Wilo amesikia kama mimi, kwa sababu alikuwa ameacha kuandika. Nilitaka kuweka mkono wangu juu ya wake na kumwambia sijali. Nilifikiri tuna wakati. Kabla sijamaliza ukurasa alisema tu, "Endelea," nami nikaendelea.

Barua ya kuniita Lubumbashi ilifika, nikaiweka mfukoni, nikasema nitaijibu baadaye. Wilo hakuniuliza. Alianza kufanya kazi kama mtu anayefukuzwa, na kila nilipovuta kiti kumsomea aliniachia mistari michache zaidi kuliko jana, akijaribu mwenyewe, pua ikigusa kioo. Kufikia mwisho wa mvua, kioo kwake kilikuwa mwanga tu. Kanuni ya mwisho aliiandika kwa vidole bila kuona, na niliisoma mara mbili kuhakikisha. Haikuwa na kosa. Tukampa kazi mpishi mpya asubuhi ile, baada ya saa ya Papa Ilunga, na Papa Ilunga akanunua mafuta ya ziada ya jenereta. Mama Leya alipika sombe na, kwa heshima ya siku hiyo, kuku. Mvua ilipiga bati la ghala hadi hatukusikiana, nasi tukakaa wanne karibu na mashine moja kama familia inayongoja mama ajifungue.

Ilimaliza alasiri, mvua ikiwa imepungua. Wilo alinikaribisha niandike neno la kwanza. Niliandika kwamba leo Mama Leya amepika kuku, na mashine ikalisema lote, neno kwa neno, hadi Mama Leya aliyekuwa na kijiko mkononi akajibu ndiyo. Tulicheka mpaka tukachoka. Wilo alitokwa na machozi hadi kidevuni na hakuyafuta. Kisha akaomba tumwache peke yake na sauti yake, ajaribu kuandika kwa vidole. Ilikuwa haki yake. Tukatoka kula. Nilikuwa na mnofu wa kuku mdomoni niliposikia kupitia dirisha ile sauti kavu ikisema jina langu. Ilisema, "Feza." Vidole vikagonga. "Feza uende." Vidole tena, akisahihisha. "Feza uende Lubumbashi, usinichunge tena." Ikarudia sentensi hiyo nzima kwa utulivu uleule iliotumia kumsifu kuku. Mama Leya alitazama chini. Papa Ilunga alisimama akaenda kuangalia jenereta ambayo haikuwa na shida yoyote.

Niliingia ndani nimemeza ule mnofu bila kuutafuna. Nilimuuliza kama amepata mdomo mwingine wa kunifukuzia. Aligeuza uso kuelekea nilipokuwa, akakosea kidogo, akatazama ukuta kando ya bega langu. "Nilikuwa natafuta namna ya kusema," alisema. "Ile mashine itanisomea sasa. Sina lazima ya muntu mwingine. Wewe uko na maisha." Nikamwambia maisha yangu yako kwenye kiti hiki. Akasema kiti hiki ni cha Papa Ilunga. Nikamwambia nimechagua, sikulazimishwa na mtu, na kama anaogopa maneno ya kaka yake aseme. Alitikisa kichwa. "Nimefanya hii kazi yote ili nisiombe muntu anisomee," alisema. "Ukibaki, nimefanya bure." Nilikuwa nimeisaidia kazi hiyo mwaka mzima, nimechora hesabu zake ubaoni, nimesahihisha saa kila asubuhi, nikisukuma kwa mikono yangu mlango ambao ulikuwa unafungwa mimi nikiwa nje.

Kaka zake walimchukua na boti la mawese lililokuwa likirudi kaskazini. Papa Ilunga alimpa ile mashine ya dirishani, wakaifunga kwa blanketi na kuiweka katikati ya magunia. Nilikwenda bandarini. Niliamini atabadili neno. Alinishika mkono kama unavyomshika mkono mwalimu wa shule, akanishukuru mbele ya kaka zake, akasema Mungu anibariki kwenye masomo. Nilimjibu asante. Ndivyo tulivyoagana, watu wawili waliokula sahani moja mwaka mzima. Nilikwenda Lubumbashi, nikasoma, nikarudi, nikaolewa na mtu mwema, nikafiwa naye, nikafundisha watoto wa watu kutumia kompyuta hadi mvi zikaniota. Katika miaka hiyo yote nilijifariji kwa jambo moja tu: kwamba alikuwa mtu mwenye kiburi, hakutaka kusomewa na mwanadamu yeyote, na kwamba hata angekuwa malaika amevuta kile kiti, jibu lingekuwa lile lile.

Jumapili ile, baada ya ibada, nilipanda pikipiki kwenda Katanika. Matanga yalikuwa chini ya turubai, wanawake upande mmoja na sufuria zao, wanaume upande mwingine na redio iliyozimwa kwa heshima. Mjane wake aliitwa Mama Neema, mwanamke mpana, wa kwao Baraka, mikono imebabuka kwa kuchoma samaki. Nilimpa pole. Nilimtajia jina langu, nikamwambia niliwahi kufanya kazi na marehemu zamani, katika biro ya kupiga maandishi, na alipotazama bila kulikumbuka jina langu nilijua hajawahi kutajiwa. Nikauliza, kwa kuwa ulimi wangu haukuweza kuuliza jingine, kama ile mashine ya sauti iliwahi kumfaa.

"Ilimufaa sana," alisema. "Alikuwa nayo kazi, alifundisha batoto, biro ya komine, ile ya serikali, ilimulipa. Iliharibika, akatafuta ingine, akatia sauti ile ile." Alipanga upya kitambaa kichwani. "Lakini mangaribi aliizima. Aliniita, Mama Neema, kuja na Biblia unisomee. Na miye sikusoma sana, mama. Naruka maneno, narudia mustari moja mara mbili. Yeye anacheka, ananisaidia. Nikamuuliza siku moja, mashine yako si inasoma muzuri kunishinda? Akaniambia, inasoma muzuri, lakini haikai na muntu."

Nilisema ndiyo, ni kweli, haikai na mtu. Nilisikia sauti yangu ikisema hivyo. Kwa hiyo hakukataa kusomewa. Alikataa kusomewa nami. Labda alinipenda kiasi cha kunifukuza, labda hakunipenda kiasi cha kunibakiza, na mtu pekee wa kuniambia ni lipi alikuwa amezikwa jana yake. Mama Neema aliona uso wangu, akadhani ni huruma kwake, akasogea kwenye mkeka na kunipigia nafasi kwa kiganja. Nikakaa. Akanishika bega, mjane akimbembeleza mgeni, nami nikalia kwa sauti kubwa kuliko ndugu zake wote, na kwa kuwa yalikuwa matanga, hakuna aliyeniuliza kwa nini.